Nani alimbeba Mefiboshethi mpaka mezani?

Masomo: 2 Samweli 4:4; 9:1-13; 17:27-29; Yohana 9:1-7

 

Juma hili lina tarehe 3 Desemba, siku ambayo mataifa yameiweka kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Makanisani kwetu siku hiyo hupita kimya, maana Desemba tuna mambo mengi: kwaya zinatayarisha Noeli, mashemasi wanahesabu michango ya mwisho wa mwaka. Leo naomba nafasi kidogo. Na naomba nizungumze kwanza na mtu ambaye hayuko kanisani saa hii. Wewe mama unayesikiliza radio jikoni, mtoto amelala kwenye mkeka kando yako, ana miaka saba na bado hajaketi peke yake. Hukuacha ibada kwa sababu umemwacha Mungu. Ulikuja mara tatu, mtoto akapiga kelele wakati wa mahubiri, mtu wa protokole akakugusa begani akakuonyesha mlango. Mara ya nne ukabaki nyumbani. Ujumbe huu ni wako. Sisi wengine tutasikiliza tukiwa kando.

Fungua 2 Samweli sura ya 4, mstari wa 4. Ni mstari mmoja tu, umewekwa katikati ya habari za mauaji. Yonathani alikuwa na mtoto wa miaka mitano. Habari zikafika kutoka Yezreeli kwamba babu yake na baba yake wamekufa vitani. Yaya akamnyakua, akakimbia naye, na katika ile haraka mtoto akaanguka, akawa kiwete wa miguu yote miwili. Jina lake Mefiboshethi.

Sisi wa mashariki ya Congo hatuhitaji mtu wa kutufafanulia mstari huu. Tunajua maana ya kukimbia usiku, mtoto mgongoni, bidoni mkononi, risasi nyuma. Tunajua mama aliyezalia njiani, na mtoto aliyeshikwa na homa porini mahali pasipo kituo cha afya.

Sasa soma habari za Mefiboshethi mpaka mwisho, utafute mahali ambapo yule yaya analaumiwa. Hutapata. Alikuwa anaokoa maisha, na mtoto akaumia mikononi mwake. Mama, kama unalala ukijiuliza kwa nini hukwenda hospitali mapema, kwa nini ulibeba mzigo mzito ukiwa na mimba, kwa nini hukuona homa inapanda, msome tena yaya huyu. Mungu aliandika habari zake kwa mstari mmoja na hakumwekea hatia.

Lakini watu wanaiweka. Katika Yohana 9 wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, na swali lao la kwanza halikuwa: tumsaidie namna gani? Waliuliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alikataa yote mawili. Kisha akatema mate chini, akafanya tope, akaanza kazi. Wanafunzi walitaka majadiliano juu ya mtu yule, Bwana akachafua mikono yake kwa ajili yake.

Swali la wanafunzi tunaliuliza mpaka leo kwa lugha yetu. Wakwe wanasema: kwetu hakuna mtoto wa namna hii, ni damu ya kwenu. Jirani anasema mahari haikuisha, ndiyo maana shangazi amemfunga mtoto. Na tuseme ukweli, wapendwa, hata katika vyumba vyetu vya maombi mtu huinuka na kusema ameona katika maono kwamba mtoto ndiye aliyefunga baraka za nyumba. Baba akisikia hivyo mara mbili, mara ya tatu anahama.

Nisikilizeni vizuri. Watoto wengi wa namna hii waliumia ubongo. Mara nyingine uchungu ulichukua muda mrefu kupita kiasi, mtoto akatoka amechoka, hakulia, hewa ikakosa kufika kichwani. Mara nyingine alikuwa na manjano kali siku za kwanza na hakuna aliyemtibu. Mara nyingine ni malaria iliyopanda kichwani, au meninjiti. Hospitalini wanaandika IMC kwenye fishi yake. Kwa Kiswahili wengine wanasema mtindio wa ubongo. Mtoto wa trizomi 21 naye yuko hivyo tangu mimba iliposhika, na hakuna shangazi aliyeifanya. Tena mara nyingine daktari mwenyewe hapati sababu, na anayesema ameipata katika ndoto asikubebeshe mzigo.

Na ndugu yangu mchungaji, kuna jambo la sheria hapa. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 imeweka adhabu yake: kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu, pamoja na faini. Anayemtangaza mtoto kuwa mchawi mbele ya kusanyiko hana kinga kwa sababu ameshika Biblia.

Tuje kwenye kifafa, maana hapo ndipo tunapoteza watoto. Utaniambia: lakini katika Marko 9 kulikuwa na pepo. Ndiyo, kwa mtoto yule. Lakini soma pia Mathayo 4:24. Katika watu walioletwa kwa Yesu, Mathayo anawataja wenye pepo, kisha anawataja wenye kifafa kwa jina lao, kisha waliopooza. Mathayo alijua kutofautisha; kwa nini sisi tuchanganye? Tena hata katika Marko 9, kabla ya kukemea, Yesu alimwuliza baba jambo hili lilimwanza mtoto lini. Alisikiliza historia yake, kama daktari mwema anavyofanya.

Sisi ni Wapentekoste. Tunaamini uponyaji, tunapaka mafuta kama Yakobo alivyoagiza, na mimi sitaacha. Lakini dawa ya kifafa inamezwa kila siku, na kuikata ghafla kunaweza kuleta mishtuko inayofuatana bila kupumzika, na hiyo inaua. Kwa hiyo mwombee mtoto, mpake mafuta, kisha mwambie mama kwa sauti ambayo kanisa lote litasikia: dawa usiache, mpaka daktari aseme. Fenobarbitali ni dawa ya zamani na ya bei nafuu. Kanisa lisiloweza kumsaidia mama mmoja kuipata lijiulize sadaka zake zinakwenda wapi. Na mtoto akianguka katikati ya ibada, msimzunguke mkipiga kelele. Mlaze kwa ubavu, ondoa benchi na vitu vigumu karibu yake, legeza nguo shingoni. Usitie kijiko wala kidole mdomoni, usimshike kwa nguvu. Angalia saa. Ikipita dakika tano, au mshtuko mwingine ukianza kabla hajaamka, pikipiki itafutwe, aende hospitali. Kumwombea njiani kunawezekana.

Sasa turudi kwa Mefiboshethi, maana kati ya sura ya 4 na sura ya 9 kuna miaka mingi. Mtoto wa miaka mitano amekuwa mtu mzima, ana mtoto wake mwenyewe, Mika. Nani alimlea? Biblia inatupa jina: Makiri mwana wa Amieli, wa Lo-debari. Hatuambiwi kwamba alikuwa ndugu wa Sauli. Alikuwa na nyumba, na katika nyumba hiyo alikaa kijana asiyeweza kutembea, mjukuu wa mfalme aliyeanguka. Fikiri hatari yake. Tena fikiri kazi yake ya kila siku: kumbeba kwenda kuoga, kumbeba kwenda chooni, kumtoa nje jua likiwaka. Biblia haikuandika hayo kwa sababu kila mtu anajua ndivyo ilivyo.

Mama wa mtoto mlemavu amesikia maneno mengi ya faraja. Wanamwambia avumilie, Mungu hampi mtu mzigo asioweza. Anaitika amina, kisha watu wanaondoka, na maji yako bombani, sombe haijatwangwa, na mtoto hawezi kuachwa peke yake. Makiri kwake ni dada wa kanisa anayekuja Jumanne saa nne na kusema: nipe mtoto, nenda sokoni, nitakaa naye mpaka saa nane. Nusu ya siku tu. Ukifanya hivyo kila juma, umempa mama biashara yake ndogo. Tena umempa masomo binti yake mkubwa, maana mara nyingi ndiye anayebaki nyumbani kumlinda mdogo wake wakati wenzake wako darasani. Tukimsifu binti huyo kwa moyo wa huruma, tusisahau kwamba anaibiwa shule.

Lakini dada huyo wa Jumanne lazima afundishwe na mama, maana mtoto huyu halishwi kama wengine. Asilishwe akiwa amelala chali. Chakula kinakwenda mapafuni, kisha anakohoa, anapata homa, na watu wanasema ni mashambulizi. Mkalishe, kichwa kiwe kimeinama mbele kidogo. Kijiko kidogo. Uji uwe mzito, maharagi yapondwe, ndizi ipondwe, sambaza wasagwe kabisa. Ngoja ameze ndipo umpe kingine. Inaweza kuchukua saa nzima kwa sahani moja. Ndiyo maana mtoto anakonda na mama anachoka, na ndiyo maana mtu wa pili anahitajika.

Mchana asiachwe amelala upande mmoja. Kila baada ya muda mgeuze. Seremala yuko katika kila kanisa letu. Mwambie atengeneze kiti cha kona: mbao mbili zinazokutana kama kona ya nyumba ziwe mgongo wake, kibao cha kukalia, meza ndogo mbele, na kitambaa cha kitenge cha kumfunga kiunoni asiteleze. Mtoto akiketi anaona mlango. Anaona kuku, anaona watu wanaoingia, anaanza kucheka. Wako watu walioambiwa mtoto wao haelewi kitu, kumbe miaka yote alikuwa anatazamishwa mabati.

Kuna mambo mawili yasiyongoja hata maombi ya siku tatu. Mtoto mchanga ambaye kichwa chake kinakua haraka kupita kiasi apelekwe hospitali upesi, kuna maji ndani yanayokandamiza ubongo. Na anayezaliwa na mguu uliopinda aanze kutiwa plasta katika majuma ya kwanza, mguu ungali laini. Wengi wanatembea vizuri baadaye. Ulemavu mwingine hautaondoka hivyo. Kwa mtindio wa ubongo, kinachosaidia ni mazoezi ya viungo yanayorudiwa nyumbani kila siku, kwa miezi na miaka. Ukiambiwa kuna mtu mahali fulani anayemaliza jambo hilo kwa siku saba ukimpa mbuzi wawili au dola mia, usiuze shamba. Ulizia vituo vya kweli. Bukavu kuna Heri Kwetu, Goma kuna Shirika la Umoja, vimejulikana miaka mingi kwa kazi hiyo. Havikuanzishwa na sisi Wapentekoste, na hilo nalo litufikirishe.

Nataka kusema na akina baba. Mfalme Daudi alipomtafuta Mefiboshethi, alisema anafanya hivyo kwa ajili ya Yonathani. Yonathani alikuwa amekufa, lakini jina lake lilikuwa bado linamlisha mtoto wake. Baba, wewe uko hai. Uko katika carrière ya dhahabu, au umeoa mwingine katika mtaa wa pili, na jina lako halimletei mtoto hata sabuni. Hukufukuzwa na mtoto. Umefukuzwa na aibu mbele ya rafiki zako. Wako akina baba wengine, na ninawaheshimu sana, wanaombeba mtoto wa miaka kumi mgongoni mchana kweupe, wakipita katikati ya watu, kwenda kumpima. Mtaa wote umewaona, na hakuna kilichopungua katika heshima yao.

Daudi alimpa Mefiboshethi nini? Angalieni utaratibu wake. Alimrudishia mashamba yote ya babu yake. Kisha akaona kwamba shamba bila mikono ni maneno, akamwagiza Siba pamoja na wanawe kumi na watano na watumishi ishirini walilime na kuleta mavuno. Kisha akampa mahali mezani pake, siku zote. Shamba, mikono, meza. Sisi mara nyingi tunatoa kilo mbili za mchele siku ya Noeli, tunapiga picha. Kamati ya akina mama ina MUSO na likelemba. Kwa nini mama wa mtoto mlemavu asiingizwe, hata akianza kwa sehemu ndogo kuliko wengine, ili akipata zamu yake anunue mtaji wa makaa au wa sabuni? Hiyo itamlisha mtoto hata baada ya Noeli.

Na hapa nina onyo, maana Biblia haifichi. Siba yule yule baadaye alimwacha Mefiboshethi nyuma wakati wa vita, akaenda kumsingizia kwa mfalme ili ayachukue mashamba. Siba hajafa. Kiti cha magurudumu kinatolewa kwa jina la mtoto, kinaonekana sokoni. Jina la mtoto linaandikwa kwenye orodha ya msaada, mfuko wa unga unaingia katika nyumba nyingine. Mashemasi, msaada wa mtoto huyu uwekwe mkononi mwa anayemlisha, mbele ya mashahidi wawili, na uandikwe.

Mtoto asiyesikia naye asiitwe mjinga. Mzazi anamwita kutoka nyuma, haitiki, anapigwa kwa ukaidi. Piga makofi nyuma yake, uone kama anageuka. Asipogeuka, nenda apimwe, kisha tafuta shule inayofundisha kwa ishara. Andrew Foster, Mmarekani mweusi, alipoteza usikivu akiwa na miaka 11 kwa meninjiti. Bwana akamfanya mmishonari. Mwaka 1957 alifungua shule ya viziwi Accra, Ghana, kisha akaenda nchi kwa nchi akifungua nyingine, na Congo yetu, wakati ule Zaire, ilikuwa mojawapo. Alihubiri kwa mikono yake. Alikufa katika ajali ya ndege kule Rwanda, tarehe 3 Desemba 1987. Watoto wa shuleni kwake wangeweza kuachwa nyuma ya nyumba kuchunga mbuzi. Wako waliokuwa walimu na wachungaji.

Tumalizie mezani. Wahubiri wengi hupenda kusema kwamba kitambaa cha meza ya Daudi kilifunika miguu ya Mefiboshethi, hata asionekane kilema. Ni maneno matamu, lakini hayamo katika Biblia. Sura ya 9 inafunga namna gani? Inasema alikuwa akila mezani pa mfalme siku zote, na papo hapo, katika mstari wa mwisho, inasema alikuwa kiwete wa miguu yote miwili. Hakuponywa katika sura hiyo. Hakufichwa pia. Daudi hakusema: kwanza tufanye maombi ya kufunga, akisimama ndipo aketi nasi. Aliketi hivyo alivyo, katikati ya wana wa mfalme. Na kwa kuwa miguu haikumchukua, ilibidi mtu ambebe au amshike mkono kila siku, asubuhi na jioni, na mtu huyo hatuambiwi jina lake.

Basi mama, hatujaacha kuomba mtoto wako apone, na usiposimama ushuhuda wa kupona mwaka huu hakuna atakayekuambia imani yako ni ndogo. Lakini nafasi yako kanisani haingoji uponyaji. Watu wa protokole, Jumapili ijayo wekeni benchi la mbele upande wa mlango, lenye mkeka na mto chini yake, mliite kwa jina lolote isipokuwa benchi la walemavu. Mtoto akipiga kelele, mhubiri apandishe sauti, ana mikrofoni. Na siku ya Meza ya Bwana, mama asingoje watu wote waishe. Mpelekeeni.

Makiri tunamwona mara moja tena, sura ya 17. Daudi amekimbia, mwanawe Absalomu anamfukuza, amechoka, yuko jangwani na watu wake. Wanafika watu watatu wamebeba vitanda, mabakuli, vyungu, ngano, shayiri, maharagi, asali na kondoo. Mmoja wao ni Makiri wa Lo-debari. Aliyezoea kumbeba kijana asiyetembea alijua mkimbizi anahitaji nini: alileta kitanda.

Tuombe. Bwana Yesu, wako mama wanaosikia sauti hii na mtoto yuko mapajani. Waguse watoto hawa. Wape mama usingizi usiku huu, hata saa nne mfululizo. Warudishe akina baba walio mbali. Na Jumanne, Bwana, tuma mtu abishe hodi. Amina.